Mwanamke wa Ngazi ya Mawe

Haya yalimpata Nzigire, jirani yetu wa Okolona hapa Louisville, siku moja baada ya Krismasi ya mwaka 2015. Mumewe, Bahizire, alikuwa na likizo. Alimchukua Nzigire pamoja na wifi yake Clémence, aliyetoka mji wa Buffalo kwa sikukuu, wakatembee mtaa wa zamani wa jiji, kwenye majumba ya matofali mekundu. Ulikuwa mchana mweupe, wenye theluji nyepesi.

Bahizire aliwaonyesha minara na vioo vya rangi. Nzigire hakuona kitu. Alikuwa anachemka. Jana yake, mezani, mbele ya wageni, Clémence alisema kwamba mimba mbili za Nzigire hazikuharibika bure. Amezila mwenyewe, ni mulozi, mchawi. Na Bahizire akaendelea kutafuna.

Kwenye nyumba ya pembeni, mwanamke alikuwa ameketi juu ya ngazi ya mawe. Kitenge chepesi. Miguu mitupu. Baridi yote ile, na pumzi yake haikutoa mvuke.

"Clémence," alisema, kwa Kiswahili cha Bukavu. "Mutoto wangu ulimuacha wapi?"

Clémence alirudi nyuma hatua moja.

"Unamujua?" Nzigire aliuliza.

"Ni Leya," Clémence alinong'ona. "Alikufaka porini, tukikimbia vita. Alinipa mutoto nimubebe mu mugongo." "Mutoto alikuwa analia. Waasi walikuwa karibu. Bon, nikamulalisha mu majani."

"Muzima?"

Clémence alijifunika uso kwa mikono.

"Na mulozi ni mimi," Nzigire alisema polepole.

Walipogeuka, ngazi ilikuwa tupu. Mlango ulikuwa umepigiliwa mbao. Theluji juu ya mawe haikuwa na alama hata moja.

"Tuende," Bahizire alisema.

"Wewe nyamaza. Jana ulijua kunyamaza."

Walipofika nyumbani, Clémence alilalamika kwamba kuna kitu kinamlemea mgongoni. Akamgeukia Nzigire kwa unyonge.

"Wifi, niangalie."

Nzigire alimwangalia. Kati ya mabega, koti lilikuwa limelowa. Akagusa. Akanusa vidole.

Maziwa ya mama. Na yalikuwa na joto, kama mtoto ameyacheua sasa hivi.

Alimvua koti, akamtupia miguuni.

"Fua mwenyewe."

Clémence alilifua mara tatu. Kulipokucha, koti lilikuwa limekauka. Kati ya mabega tu palikuwa bado pabichi.