Talaka Yangu na Mkono wa Kapteni Zaro

"Kapteni Zaro alikatwa mkono wa KUSHOTO! Na kama si wa kushoto, basi Zuleha ameachika!"

Jamani... Zuleha ni mimi.

Nilikuwa mlangoni kwangu, Makorora, Tanga, nimebeba sinia la bajia za wageni. Sinia likanitoka. Bajia zikatapakaa sebuleni na hakuna aliyeinama kuokota hata moja.

Aliyetamka ni mume wangu, Badru. Kasimama katikati ya sebule, mishipa ya shingo imemtoka, kidole kimeelekezwa kwa Edgar, rafiki yake wa Pongwe.

Edgar wa watu alishika kichwa.

"Kaka, futa kauli! Sisi tunaongelea muvi, wewe unaleta mke?"

"Nimeshaapa!"

"Badru, acha utani!"

"Wallahi nimeapa, na sirudi nyuma!"

Nikakaa chini pale pale, juu ya bajia.

Labda unajiuliza, talaka ya ubishi ndiyo ya kumkalisha mtu chini? Subiri nikwambie. Badru alishaniacha mara mbili huko nyuma, kwa hasira, akanirejea. Hii ilikuwa ya TATU. Ikishaanguka ya tatu, kwetu Waislamu hakuna tena kurejeana, labda niolewe kwanza na mwingine, niishi naye, tuachane wenyewe.

Na mimi, wacha niseme bila aibu, nilikuwa nampenda yule mwanaume.

Sasa kwa wasiojua. Kuna sirizi inaitwa Sayari ya Chumvi. Mambo ya watu wa anga za juu. Imeanza tuko shule ya msingi na mpaka leo haijaisha. Steringi, yaani mhusika mkuu, ni huyo Kapteni Zaro, mkono wake mmoja ni wa chuma, alikatwa sizoni ya kwanza.

Shida ikaja. Kwenye sizoni mpya, chuma kiko mkono wa kulia. Kwenye vipande vya zamani vilivyojaa mtandaoni, chuma kiko kushoto!

Basi mashabiki wakagawanyika. Timu Kushoto na Timu Kulia. Grupu lina watu wazima, wengine walimu, wengine wana wajukuu, na wanatukanana toka alfajiri kwa ajili ya mkono wa mtu ambaye hajawahi kuzaliwa! Badru ndiye admini, na ndiye kinara wa Timu Kushoto.

Jumamosi hiyo walikuja kwetu kuangalia sizoni mpya. Ubishi ukapanda... na mimi ndiye niliyeshuka nao.

Mama mkwe wangu, Bi Mwatumu, tunakaa naye ua mmoja, na nyumba zote mbili ni zake. Alikuja mbio aliposikia kilio changu.

"Umefanya nini weye Badru?"

"Mama, ni ubishi tu... ulimi umeteleza."

"Ulimi umeteleza? Si nilikwambia mara ya pili ile, ukimwacha tena mtoto wa watu kwa makusudi, miye si mama yako na humu hukai?"

"Sio makusudi, mama! Mkono ni wa kushoto, kwa hiyo hakuna kilichoharibika!"

Bi Mwatumu akanishika mkono, tukaenda moja kwa moja kwa Shekhe Mudathir.

"Shikamoo shekhe," nikasema.

"Marahaba, binti. Nini tena?"

Tukamweleza. Alivuta pumzi ndefu, akajizuia kucheka, akajizuia na kukasirika.

"Mkono wa nani?"

"Kapteni Zaro, shekhe."

"Astaghfirullah... Sikilizeni. Mkono ukiwa wa kushoto, Badru kasema kweli, ndoa ipo. Ukiwa si wa kushoto, nirudieni wote, kuna la kumuuliza. Kwa sasa asikuguse. Leteni ushahidi ulio safi."

Ushahidi!

Nikaingia kwenye grupu lao mwenyewe. Nikaandika huku nalia: "Ndugu zangu, ndoa yangu iko hatarini, naomba mwenye sizoni ya kwanza ya asili."

Unajua walichofanya? Walianzisha KURA. Ndoa yangu ikapigiwa kura! Mmoja akaweka kikatuni kinacheka. Mwingine akaandika, "Shemeji pole, ila ukweli usemwe, ni kulia." Timu Kushoto wakaniletea vipande vyao, Timu Kulia wakaleta mapicha yao, na kila nilipoelekea upande mmoja nikavutwa upande wa pili.

Nilikuwa naswali namwomba Mungu mkono uwe wa kushoto. Ebu fikiria dua hiyo! Wenzangu wanaomba watoto, wanaomba afya, mimi nimesujudu naomba mkono.

Edgar ndiye aliyenipigia. Sauti yake ilikuwa ya mtu asiyekula vizuri.

"Shem, najiona mimi ndiye mwenye makosa. Kuna mtu mmoja tu mwenye diski ya asili. Dijei Methu wa Muheza."

Kama umewahi kuangalia Sayari ya Chumvi kwa Kiswahili, sauti unayoisikia ni ya Methusela. Ndiye aliyeitafsiri toka sizoni ya kwanza, anaigiza kila mtu peke yake, mpaka wanawake, mpaka mbwa.

Kesho yake asubuhi nilikuwa Muheza. Nikawapita wauza machungwa pale stendi bila kuitika hata karibu zao. Studio yake iko nyuma ya saluni ya kunyolea, chumba kina joto, kuta zimebandikwa magodoro kuzuia kelele.

"Karibu dada. Unataka muvi gani?"

"Nataka mkono, kaka."

Nikamsimulia yote. Alisikiliza mdomo wazi. Kisha akainuka, akatoa diski kwenye kasha, akaiweka.

Nikaiona ile sehemu. Panga la moto likashuka. Zaro akapiga kelele.

Mkono wa KULIA.

"Rudisha!" nikasema.

Akarudisha. Kulia.

"Rudisha tena, kaka, nakuomba!"

Kulia, ndugu zangu. Kulia!

"Sasa vile vipande vya mtandaoni mbona kushoto?"

Akakuna kichwa.

"Mimi huwa nageuza picha kabla ya kupandisha mtandaoni. Nisipogeuza, mitambo ya wenye sirizi yao inaitambua na kuifuta. Kulia inakuwa kushoto, kushoto inakuwa kulia."

"Na watu hawakugundua?"

"Wagundue wapi? Maandishi ya kwenye ile meli yao ya angani ni ya kisayari, nani atajua yamegeuka?"

"Kwa nini huwaambii ukweli? Watu wanauana!"

"Nikisema nageuza, si nimejitangaza mwenyewe? Waache wabishane, dada. Wakibishana wanarudi kuangalia."

Nililia pale mpaka kitambaa kikalowa. Halafu shetani akanipitia.

"Kaka Methu... huwezi kunigeuzia na hii? Iwe kushoto, nikamwonyeshe shekhe?"

Akaniangalia kwa huruma.

"Naweza. Ni kubonyeza tu. Lakini mumeo atajua umegeuza."

"Atajuaje?"

"Kwani admini wa grupu si ndiye mumeo? Alikuja hapa kuulizia mkono huo huo, kabla ya Jumamosi yenu. Nilimwonyesha diski hii hii, akiwa kwenye kiti hicho hicho ulichokalia."

Nikainuka kwenye kile kiti.

"Badru alikuja hapa?"

"Tulipiga mpaka picha. Hii hapa."

Akanipa simu. Badru wangu, kacheka meno yote, kashika kasha la diski. Amevaa shati la kijani nililompigia pasi mwenyewe asubuhi aliyoniambia anakwenda Maramba kufuata mahindi.

Alijua!

Aliposimama sebuleni kwangu na kuapa, alijua mkono ni wa kulia. Aliapa kwenye uongo ili niachike, huku mama yake na mtaa mzima wakiona ni bahati mbaya. Mimi nazunguka kama kichaa kuiokoa ndoa, na mwenzangu ndiye aliyeitupa.

Sikugeuza picha yoyote. Nikaomba anitumie kile kipande, na ile picha yao. Nikarudi Tanga.

Alasiri tulikutana kwa Shekhe Mudathir. Badru kakaa kainamisha kichwa, Bi Mwatumu pembeni na tasbihi. Nikaweka simu mbele yao, kipande kikacheza.

"Ni kulia," shekhe akasema taratibu.

Bi Mwatumu akapiga ukelele. Badru akafunika uso.

"Kadari ya Mungu, mama! Nilidhani kushoto!"

"Badru," shekhe akamwita, "ulipoapa, uliamini kwa moyo wako ni kushoto?"

"Wallahi niliamini, shekhe! Toka mtoto najua kushoto!"

Shekhe akatabasamu.

"Basi mshukuruni Mungu. Aliyeapa juu ya jambo akiliamini kweli, kumbe kakosea, kauli yenye nguvu kwa wanazuoni wetu ni kwamba talaka haianguki. Nendeni nyumbani. Ndoa ipo."

Mimi si mwanachuoni, nawasimulia nilichosikia.

"Alhamdulillahi!" Bi Mwatumu akanikumbatia.

Badru akainua uso. Machozi yalikauka palepale.

"Shekhe... lakini si nimeapa?"

"Umeapa kwa kukosea."

"Lakini mkono ni wa kulia! Si umeona mwenyewe?"

Mama yake akamgeukia.

"Mbona kama hukufurahi, mwanangu?"

Badru akainamisha kichwa tena.

Wasomaji wangu, pale ndipo nilipojua mtihani ni nini. Kile nilichokuwa nakililia, mume wangu, nyumba yangu, mama mkwe wangu, vyote nimerudishiwa. Nilitakiwa kufanya kitu kimoja tu. Kunyamaza. Badru mwenyewe asingeweza kusema kweli mbele ya mama yake. Ningekuwa mke wake mpaka kufa.

Nikauma mdomo. Nikanyamaza... nikanyamaza kidogo tena.

Halafu nikauliza.

"Shekhe, na kama aliapa akijua ni uongo?"

"Hapo imeanguka, binti. Na ni ya tatu."

Nikaifungua ile picha, nikampa simu.

"Hii ni kabla ya Jumamosi ile. Aliyeipiga ni mwenye diski. Mpigieni mumuulize."

Shekhe akaitazama muda mrefu, akampa Bi Mwatumu. Yule mama akaisogeza karibu na macho, kisha akamgeukia mwanawe.

"Badru... ulikuwa unajua?"

"Mama..."

"ULIKUWA UNAJUA?"

Akatoa yote. Kuna binti Maramba. Wazazi wake hawataki mtoto wao awe mke wa pili. Na yeye anaogopa laana ya mama yake. Kwa hiyo akatafuta namna ya kuniacha ambayo haitaonekana kaniacha.

Sikumtukana. Nilitamani, Mungu ananiona, lakini nilichukua simu yangu, nikatoka.

Nje kwenye kivuli cha ukuta, Bi Mwatumu alinishika mabega.

"Mwanangu, ungenyamaza tu! Kwa nini hukunyamaza? Miye ningebaki na weye!"

"Mama, ningelala naye vipi, nikijua mimi si mke wake?"

Akalia. Tukalia wote, barabarani, watu wanapita.

Leo nipo kwenye eda, na naandika haya moyo bado unauma. Siwadanganyi kwamba nimepona. Kuna asubuhi naamka nasikia mlango, nadhani ni yeye.

Dada yangu unayesoma, mtu akiiweka ndoa yako kwenye ubishi, usihangaike kama mimi kutafuta nani kapatia na nani kakosea. Muulize kwanza kwa nini ni wewe aliyekutoa kafara, wakati ana pikipiki, ana simu, ana vitu chungu nzima vya kuapia. Anayekuthamini hakufikirii hata kwa utani.

Na mkiniuliza nafanyia wapi eda, ni pale pale Makorora, kwenye chumba changu. Jioni ile Bi Mwatumu alitoa begi mlangoni, nikadhani ni langu.

Nikalifungua, nikakuta limejaa mashati ya Badru.