Njegere za Kuliwa na Maganda

Mwaka 1975 familia ya Leonidas ilikuwa imetimiza mwaka mmoja katika kijiji kipya cha ujamaa, karibu na Kinampanda. Kila asubuhi Leonidas alikwenda kwenye shamba la kijiji. Mke wake, Damari, alikwenda kisimani. Yunisi, mama yake Leonidas, alibaki nyumbani akipepeta mtama na kugombana na kuku.

Karibu na kisima palikuwa na bustani. Kila nyumba iliyoomba ilipewa kipande kimoja. Lakini kamati ya kijiji iliweka sharti. Mwezi wa nane kamati ingepita kukagua, na kipande kisichotoa chakula kingepewa nyumba nyingine. Waombaji walikuwa wengi, na kisima kilikuwa kimoja tu.

Damari alikitaka sana kipande chake. Kiangazi kizima nyumbani kwake walikula ugali na mlenda mkavu, na mtoto wake mdogo, Dina, alikuwa ameanza kukataa chakula.

Mwezi wa tano shemeji yake, Isaka, alituma mbegu za njegere kutoka Singida Mjini. Aliagiza zipandwe wakati huo wa baridi na ziwekewe vijiti vya kupanda juu. Damari alifanya hivyo. Alichanganya udongo na samadi ya zamani iliyooza. Alifukia kila mbegu kwa kina cha pingili moja ya kidole. Kila asubuhi alimwagilia kwenye shina. Mimea ilipanda vijiti, ikatoa maua, kisha maganda mapana na bapa.

Hapo ndipo alipokosea. Alingoja. Kunde huachwa zikauke, zikapigwa na kupepetwa, naye aliona njegere ni za ukoo huo huo. Siku moja alitaka kuchuma maganda mabichi machache, lakini Yunisi alimzuia.

"Maganda mabichi tulikula mwaka wa njaa," Yunisi alisema. "Ukichuma hayo, watu wa kisimani watasema kwa mwanangu hakuna chakula."

Damari hakuwa na tabia ya kubishana na mama mkwe wake. Aliyaacha.

Baada ya wiki mbili maua yalikoma. Maganda yakawa magumu, na majani ya chini yakaanza kuwa ya njano. Damari alipasua maganda ya mstari mzima, akapata punje za kujaza kiganja kimoja. Ulikuwa umebaki mwezi mmoja kamati ifike. Aliogopa, akalia peke yake kule bustanini.

Wiki hiyo alikuja Raheli, Bibi Maendeleo, kwa baiskeli kutoka Kiomboi. Alikuwa akiwafundisha akina mama mapishi na kilimo cha bustani. Aliitazama mimea, akavunja ganda moja.

"Njegere hizi si za punje," alisema. "Huliwa na maganda yake. Chuma ganda likiwa bado bapa, kabla punje hazijavimba."

"Na maua mbona yamekoma?" Damari aliuliza.

"Mmea unatafuta mbegu. Mbegu zikikomaa, unaona kazi yake imekwisha. Ukichuma mapema, unatoa maua tena."

Raheli alimwambia atoe maganda yote magumu siku hiyo hiyo, aendelee kumwagilia, na maganda mapya ayachume kila baada ya siku mbili. Mkono mmoja ushike mmea ili usikatike. Mwishoni aache mimea miwili ikauke kwa ajili ya mbegu.

Baada ya wiki mbili na nusu maganda mapya yalikuwa tayari. Damari aliyaosha, akavuta uzi mgumu wa pembeni, akayapika kwa muda mfupi na kitunguu na mafuta ya karanga. Yunisi alikubali kula, ila alitaka mlango ufungwe kwanza. Dina alimaliza bakuli, akaomba tena.

Kamati ilifika siku ambayo Damari alikuwa ametoka kuchuma. Ndugu Kefa, mwenyekiti wa kamati, alifunua majani akaona maua na maganda madogo kama kucha. Damari alieleza kwamba amechuma asubuhi na maganda yameshaliwa. Kefa alijibu kwamba kila mtu husema hivyo. Karani akatoa kalamu.

Yunisi alikuwa amesimama kisimani na wanawake wengine. Alisogea mbele.

"Kefa, usiandike uongo," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Njegere hizi ninazila mimi. Maganda na yote, wiki ya pili sasa. Na njaa sina. Ninazila kwa sababu ni tamu."

Wanawake walitazamana. Kefa alikuna kichwa, akasema watarudi baada ya siku mbili. Waliporudi, Damari alichuma mbele yao akajaza nusu ya ungo. Kefa alitafuna ganda moja bichi, kisha la pili. Wanawake watatu waliomba mbegu hapo hapo.

Karani aliuliza kipande kiandikwe kwa jina gani, akataja la Leonidas.

"Andika Damari," Yunisi alisema. "Mwanangu hajaleta hapa hata ndoo moja."