Geneviève Hakuapa

Soko lilikuwa limefurika asubuhi ile. Muhindo, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, alikuwa akishusha madumu ya mawese pale dumu moja lilipomponyoka. Kifuniko kikafyatuka, mafuta mekundu yakamrukia Geneviève, mwalimu wa falsafa, kwenye gauni lake la kitenge cha njano.

Wauza mboga wakanyamaza wasikie matusi. Geneviève akatazama gauni, akavuta pumzi.

"Haukasirike?" Muhindo akauliza.

"Nimekasirika. Lakini hasira haiko chef yangu, hainiamuru."

"Chef yako ni nani?"

"Mimi. Na sabuni utaleta weye."

Alileta sabuni, kisha kitenge kipya, kisha ikawa simu kila jioni.

"Mwalimu wangu, umekula?"

"Leo hapana. Najizoeza."

"Unajizoeza njaa, na mimi niko na camion imejaa muchele?"

Geneviève alicheka, akamweleza. Wanafalsafa wa Ugiriki ya kale walimfundisha kufunga ili tumbo lisimtawale, na kukaa kimya jioni akijiuliza: leo nimemkosea nani? Kwake halikuwa somo la darasani tu. Aliishi hivyo.

Muhindo alipomchumbia, habari za mazoezi hayo zikamfikia Mama Espérance, mama yake Muhindo, kwenye mtaa wa Hewa Bora. Akasema hiyo ni mizimu ya Wazungu. Geneviève aape kuiacha, la sivyo hakuna ndoa.

"Chérie, apa tu," Muhindo alimbembeleza kwenye simu. "Kisha utaendelea kimyakimya."

"Unaniomba nimudanganye mama yako."

"Nakuomba tuoane."

"Siapi. Ukitaka kwenda, sitakufunga kamba."

"Unaongea kama muntu anarudisha chupa tupu dukani. Haukunipenda hata siku moja."

Akakata simu. Geneviève akakaa sakafuni jikoni, akalia mpaka kope zikavimba.

Jumapili, baada ya misa, alikwenda Hewa Bora peke yake, amesuka upya, amevaa kitenge cha buluu. Mama Espérance alimpokea sebuleni, Biblia mkononi.

"Umekuja kuapa?"

"Hapana, mama. Bale bazee ba Ugiriki ya zamani habaniombi nibaabudu. Bananifundisha kujihukumu kwanza, mbele ya kuhukumu bantu. Ile sitaacha."

"Na mutoto wangu?"

"Namupenda. Nimelia juu yake sana. Lakini nikiapa uongo, ataoa muntu mwengine, haiko mimi."

Muhindo, aliyekuja kumsalimia mama yake, alikuwa amesimama mlangoni. "Ulilia? Juu ya nini haukuniambia?"

"Ulikata simu."

Akaingia, akaketi kando ya Geneviève.

"Mama, namuoa hivi alivyo. Ukikataa, tutaoana, na kila dimanche baada ya misa tutakuja kukusalimia, hata ukitufungia mulango."

Mama Espérance akainuka, akaingia chumbani, akajifungia.

"Twende?" Muhindo akanong'ona.

"Tukae. Hatukumukosea muntu."

Jua likahama dirishani. Mama alipotoka aliwakuta palepale, mabega yamegusana, na hakuna aliyemwomba radhi. Akavuta kiti, akauliza, "Mumekula?"