Kikohozi Ndani ya Kabati la Taa

Mgongo wa Tupokigwe ulipona, kifua kikagoma. Hapo ndipo Samira, muuguzi, alipoanza kushtuka, maana taa za lile kabati zilimzunguka mtu pande zote sawasawa.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu, watu binafsi wameruhusiwa kufungua zahanati na mitumba imejaa sokoni. Daktari mmoja akaleta Tukuyu kabati la mtumba, refu kama choo cha shimo, la kutibu kwa mwanga yale magamba mekundu yasiyosikia dawa ya kupaka. Mgonjwa anavua nguo, anavaa miwani myeusi, anasimama humo dakika chache, mara tatu kwa wiki.

Tupokigwe alikuwa nayo toka kichwani hadi magotini. Hayaambukizi, lakini nani alisikiliza? Mumewe Asajile alimtoa nyumbani kwao Ikuti: "Ukipona, rudi." Tupokigwe akapanga chumba Bulyaga, hapo Tukuyu, miaka miwili peke yake. Ngozi ikiharibika ndugu hukimbia, inzi hubaki.

"Mama, unafanya nini humo ndani?" Samira alimuuliza.

"Nachuchumaa. Baba mkwe anakohoa."

Samira akacheka. "Ameingilia wapi, kwenye soketi?"

Tupokigwe hakucheka. Kwa Wanyakyusa, mke hamtazami baba wa mumewe. Mzee akikohoa njiani, mwanamke huingia migombani, akampa mgongo, akajikunja na kuficha uso. Mzee Ambwene alikufa miaka sita nyuma, na uso wake hakuwahi kuuona. Ila kikohozi chake angekijua popote. Kila taa zilipowaka kilikuja, pamoja na harufu ya tumbaku iliyolowa. Naye akajikunja, kifua kikabanwa na magoti, mwanga ukapata mgongo tu.

Wiki iliyofuata Samira akaikuta harufu ile kwenye sare yake mwenyewe.

"Mama," akanong'ona, "huyo si mkwe. Ni jini. Kapata mtu asiyeweza kumtazama. Mgeukie, umfukuze kwa jina la Mungu, la sivyo huponi, na kwako hurudi."

"Nimtazame mkwe nikiwa uchi?"

"Mtazame!"

Kikohozi kilipokuja, Tupokigwe alisimama, taa zikivuma, tumbaku ikimjaa kooni, akageuka taratibu, akainua miwani kidogo, na pale kwenye kona, katika ule mwanga wa zambarau, akaona mzee amechuchumaa, amempa mgongo, amejifunika kichwa, anamwonea haya yeye.

"Mwambie atoke!" Samira alikuwa akigonga kioo cha mlango wa kabati.

Tupokigwe akafumbua mdomo. Miaka miwili watu walimgeuzia uso kwa kinyaa; huyu ndiye wa kwanza kuugeuza kwa adabu.

"Mwagonile, tata," akamsalimu kama baba.

Akaitikiwa.

Tangu siku hiyo alisimama wima, na kifua kikapona. Habari zikafika Ikuti. Jumapili moja, mchana kweupe, Asajile akaja Bulyaga na doti ya kitenge, akabisha hodi.

"Tupo, nasikia umepona. Twende nyumbani."

Sauti ya mkewe ikatoka ndani, tulivu: "Ngoja nimuulize."

"Umuulize nani?"

Ndani kiti kikasogezwa. Wakamjibu kwa pamoja, sauti mbili, na moja Asajile aliizika mwenyewe miaka sita nyuma:

"Hapana."