Besi ya Mashoto

Jumamosi ile ukumbi wa zamani wa kiwanda cha meli, ng'ambo ya mto pale Gothenburg, ulikuwa umefurika watu. Lilikuwa soko la vyombo vya muziki vilivyotumika, na nusu ya wanamuziki wa mji walikuwa humo, makoti yakiwachuruzika maji ya mvua, kila mmoja akijaribu chombo chake kwa sauti ya kuwazidi wengine. Harufu ya kahawa ilichanganyika na ya sufu iliyoloa. Na kwenye meza ya pembeni, katikati ya kelele zote hizo, Sixten Brolin alikuwa amepiga goti mbele ya mwanamke.

"Kaza vizuri huo mkanda," mwanamke akamwambia. "Likinidondokea mguuni hili, utanibeba mpaka nyumbani."

Mwanamke huyo aliitwa Majken. Alikuwa fundi mwenzake katika karakana ya tramu, mashoto tangu kuzaliwa, na wikiendi alipiga gitaa la besi katika bendi ya dansi. Sixten alimwomba aje amjaribie magitaa kwa sababu yeye mwenyewe, mtu wa mkono wa kulia, asingejua lipi jema na lipi bovu. Sixten alikuwa mrefu, mwenye ndevu nyekundu, sweta lake la kijivu limetoboka kiwikoni.

Ukumbi mzima ulikuwa na besi tatu tu za mashoto, zote kwa mzee mmoja mnene kutoka Borås. Ya kwanza, nyeusi inayong'aa, ilikuwa ya bei nafuu kuliko zote, lakini nyuzi zilikaa juu mno. Kuzibonyeza kulitaka vidole vya mvunja mawe. Ya pili ilikuwa ya Kijapani, ya miaka mingi, yenye sauti nene tamu. Majken alipoipiga alifumba macho, na Sixten alipotazama bei akafumba yake.

"Mnahangaika bure," mzee akasema, akainua gitaa la kawaida. "Chukueni hili la kulia, mgeuze nyuzi, basi. Nusu bei."

"Mzee wangu, usitufanye watoto," Majken akamjibu. "Vitufe vya sauti vitakuwa juu, kiwiko kitavigusa kila mara. Nipe ile fupi."

Ya tatu ilikuwa na rangi ya haradali, imekwaruzwa mgongoni, shingo yake fupi. Majken aliipiga kidogo, akaishusha, akaipiga tena.

"Hii," akasema. "Nyepesi, vidole havisafiri mbali, na bei yake mtu wa karakana anaiweza. Huyo unayemnunulia mikono yake ikoje?"

Sixten akajishughulisha na bizimu ya mkanda. "Kushoto vidole viwili havina ncha. Hawezi tena kubonyeza nyuzi kwa mkono huo. Nimefikiri abonyeze kwa wa kulia, huu wa kushoto apigie kwa dole gumba."

"Aanze upya, kama mtoto?"

"Kama mtoto."

Majken akamwinamia. "Sixten, we unatafuta besi au unatafuta msamaha?"

Umati ulipasuka, na mbele ya meza akasimama msichana mwenye koti la mvua la manjano na skafu nyekundu, nywele fupi zimemganda kwenye paji la uso. Mgongoni alibeba begi refu la gitaa. Mkono wake wa kulia ulikuwa wazi. Wa kushoto ulikuwa ndani ya glovu.

"Tuva," Sixten akasema, bado amepiga goti, mikono yake kwenye mkanda uliomzunguka Majken.

"Usisimame, mmependeza," Tuva akasema. Sauti yake ilikuwa tulivu kupita kiasi. "Mimi nimekuja kuuza yangu. Kumbe wewe umekuja kumnunulia mwenzangu. Tumepishana vizuri."

"Siyo hivyo, Tuva."

"Ana vidole vyote kumi, nimeona. Hongera."

Akageuka, begi likamgonga mtu, akaomba radhi, akapotea kwenye umati.

"Ndiye?" Majken akauliza.

"Ndiye."

"Basi mkimbilie, we gogo!"

Lakini Sixten hakukimbia. Alilipa ile besi ya haradali, moyoni akijiambia kwamba maneno yote aliyoambiwa ameyastahili, na zaidi.

Maana watu wote waliomjua Tuva Hallberg walijua kwamba upepo ndio uliomkata vidole. Vuli iliyopita bendi yake ilikuwa ikipakia vyombo bandarini, siku ya dhoruba, na mlango wa gari ukajibamiza mkononi mwake. Ndivyo ilivyosemwa hospitalini, ndivyo Tuva mwenyewe alivyoamini, kwa kuwa alikuwa amegeuka kuchukua kofia yake kitini. Mtu mmoja tu alijua vingine. Siku ile Sixten alikuwa amekasirika. Hakutaka Tuva aondoke na bendi kwenda Norway majira yote ya baridi, walikuwa wamegombana njia nzima, na alipoona Tuva ameshuka aliubamiza mlango kwa nguvu zake zote bila kutazama. Mtu wa kwanza alipopiga kelele, "Upepo huu!" Sixten alinyamaza. Akaendelea kunyamaza.

Kilichomuua zaidi ni wema wa Tuva. Akiwa kitandani, mkono umefungwa bandeji kama mkate, ndiye aliyekuwa akimfariji yeye. "Usilie, kipenzi, si kosa lako." Maneno hayo Sixten hakuweza kuyabeba. Mwishoni akamwambia anahitaji kukaa peke yake, akahama. Naye Tuva, akiutazama mkono wake, akapata jibu lake mwenyewe.

Jumatatu simu ililia katika duka la maua alikokuwa akifanya kazi Tuva.

"Mimi ndiye yule wa vidole kumi," sauti ikasema.

"Sina maneno na wewe."

"Mimi ninayo. Kwanza, nina mume na mapacha, na hilo gogo lako silitaki hata kwa bure. Pili, ile besi si yangu. Ni yako wewe."

Tuva akaweka chini mkasi. "Yangu kivipi? Mimi si mashoto."

"Muulize yeye. Miezi yote hii anaulizia besi za mashoto kila duka, mpaka karakana nzima tumechoka."

Tuva alikaa na simu mkononi mpaka mteja akakohoa. Alimfungia mteja maua yake, kisha akapiga namba ambayo hakuwahi kuifuta.

"Unanihurumia, Sixten?"

"Hapana."

"Basi unaninunulia besi ya nini?"

Tramu ikapiga kengele upande wa pili. "Naomba nije nikwambie uso kwa uso," akasema. "Ukishasikia, fanya unavyotaka."

Walikutana mkahawani, mtaa wa Haga, mchana, madirisha yakiwa na ukungu wa mvuke. Mbele yao kulikuwa na mkate mtamu wa mdalasini ambao hakuna aliyeugusa. Sixten alikuwa amechana ndevu na kuvaa shati jeupe, kama mtu anayekwenda mahakamani. Besi, ndani ya begi lake, ilisimama ukutani kati yao.

"Haukuwa upepo," akasema.

Tuva hakuelewa. "Nini?"

"Mlango. Ni mimi niliyeubamiza. Nilikuwa na hasira kwa sababu unaondoka. Sikuangalia. Walipotaja upepo nikauacha upepo ubebe lawama."

Rangi ilimtoka Tuva usoni, kisha ikarudi kwa wingi.

"Nilikuwa nakubembeleza," akasema polepole. "Nina mkono mmoja, nakufuta machozi, na wewe unajua."

"Najua."

"Ukaniacha nifikiri umeshindwa kuutazama mkono wangu."

"Nilishindwa kujitazama mimi."

"Maneno mazuri hayo. Uliyatunga njiani?" Akasimama, kiti kikaburuzika. "Mama yangu bado anauliza hali yako, unajua? Anasema, maskini Sixten, yule kijana aliumia kuliko sisi. Mungu wangu!"

Watu wa meza za jirani waliinamia vikombe vyao. Tuva alivaa koti la manjano, akakosea kitufe, akakirudia. Mlangoni akasimama, akarudi, akalishika begi la gitaa.

"Besi naichukua," akasema. "Wewe sikuchukui."

Majira yale ya baridi Sixten hakumpigia simu. Alifanya kazi zamu za ziada, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya bandarini alilala usingizi, ingawa aliamka na aibu ileile. Alikwenda kwa wanabendi wa Tuva mmoja mmoja akawaambia ukweli. Mpiga ngoma alimfungia mlango. Aliona ni haki.

Tuva naye aliweka besi ya haradali nyuma ya kabati kwa muda. Siku moja, akiwa amechoshwa na hasira yake mwenyewe, akaitoa. Mkono wa kulia haukujua kitu. Ulitafuta nyuzi kama mtu anayepapasa swichi kwenye nyumba ya wageni. Vidole vilitoka malengelenge. Dole gumba la kushoto lilichoka. Alilia, akatukana, akamtaja Sixten kwa majina ambayo mama yake asingependa. Na kesho yake akaishika tena.

Theluji ilipokuwa ikiyeyuka, simu ya Sixten ikalia katikati ya karakana.

"Uzi mnene unavuma kama nyuki kwenye chupa," Tuva akasema bila salamu. "Nadhani shingo imepinda kwa baridi."

"Kuna chuma ndani yake. Kinakazwa kidogo tu. Usikiguse, unaweza kukikata."

"Sasa nikupigie simu ya nini kama nataka kukigusa mwenyewe? Njoo na ufunguo."

Alifika akiwa bado na ovaroli ya kazi, grisi shingoni. Tuva alikuwa amevaa gauni la buluu la pamba, miguu mitupu, bila glovu. Sixten alikaza chuma robo mzunguko, akasubiri, akakaza tena kidogo, akampa. Tuva akapiga. Ilikuwa sauti ya dansi ya polepole, yenye kusitasita, na mara mbili alikosea, lakini ilikuwa yake, nzito na ya chini, ikitetemesha vikombe kabatini. Machozi yalimtoka Sixten, akageuza uso.

"Acha," Tuva akasema. "Zamu ya kukubembeleza nilishaimaliza. Ukitaka kulia, lia ukiwa unanitazama."

Akamtazama.

"Sijakusamehe chote," Tuva akaendelea. "Kipo kipande kimebaki, na siku nyingine kinakuwa kikubwa. Siku hizo utakula maneno yangu bila kujibu. Unaweza?"

"Naweza."

"Nimekukumbuka, mjinga wewe. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote."

Sixten akacheka huku analia. Akanyoosha mkono, naye Tuva akamwacha auchukue ule wa kushoto, na vidole vyake vifupi vikatulia kwenye kiganja chenye grisi.

"Lakini kabla hujavua viatu humu ndani kama mwenyeji," Tuva akasema, "kuna mtu mmoja hujamwambia."

Sixten alijua ni nani.

Jumapili walipanda tramu mpaka Mölndal. Mama yake Tuva, Bi Gunvor, alikuwa akiishi orofa ya pili, na harufu ya mchuzi wa nyama ilishuka ngazi kuwalaki. Kupitia mlangoni walisikia redio, na sauti ya mama akiimba akifuata. Sixten alisimama mbele ya kengele, kofia mkononi.

"Amepika kwa ajili yangu," akanong'ona.

"Amepika tangu asubuhi."

"Akinifukuza?"

"Atakufukuza, nitakaa nile, halafu nitakufuata na chakula kwenye bakuli." Tuva akamweka sawa kola ya shati. "Bonyeza, mpenzi. Mimi niko hapa."

Akabonyeza. Ndani, uimbaji ukakatika, na nyayo zikaja mbio kuwafungulia.