Hosea Anaita Majina

Mjomba wangu Waitara alikuwa mpuliza saksafoni wa Mori Jazz, bendi iliyokuwa ikijaza kumbi kuanzia Tarime mjini hadi vijiji vya Serengeti. Hata uzeeni, wazee wenzake wakimwona sokoni walikuwa bado wanamwita Saksi.

Haya yalitokea mwaka juzi, Jumamosi moja mchana, nyumbani kwake Nkende. Nilikuwa uani na mkewe, shangazi Agness, tunaanika mihogo juu ya mkeka. Mzee Salvatori akaingia, ametoka Machochwe, gitaa lake amelibeba ndani ya mfuko wa unga. Huyu alikuwa mtu wa Tabora. Alikuja huku ujana wake kuchimba dhahabu, akaacha sururu, akashika gitaa la solo. Katika wanamuziki wa mwanzo wa Mori Jazz walikuwa wamebaki wawili tu, yeye na mjomba. Sadock wa ngoma, Nelson wa besi na Hosea mwimbaji, wote walikuwa wameshazikwa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, Ghati. Mjomba wako bado ana pumzi?"

"Iulize saksafoni!" mjomba akajibu kutoka ndani, tukacheka.

Walikaa barazani wakakumbushana. Suruali za bugaluu. Spika zilizofungwa juu ya lori la pamba. Akina mama wa Busawe waliokuwa wakimfuta Hosea jasho kwa leso zao, waume zao wakiwa palepale. Kisha wakapiga nyimbo mbili tatu, majirani wakasimama kwenye ua kusikiliza, wakafurahi, wakaenda zao.

"Sasa tupige 'Rhobi Nisubiri'," mjomba akasema.

Mkono wa Salvatori ukasimama juu ya nyuzi. "Ule hapana, mura." Waliitana hivyo, "kijana", hata uzeeni.

"Hosea alikuwa rafiki yetu. Tutamwogopa mpaka lini?"

"Nimesema hapana."

Mjomba akaanza peke yake. Ulikuwa wimbo mtamu, wa polepole. Salvatori alitikisa kichwa kukataa, lakini vidole vyake vikafuata, kama ng'ombe anayeijua njia ya mtoni.

Walipofika katikati, sauti ya mwanamume ikasikika nyuma ya nyumba. Sauti nyororo. Ilikuwa ikiita, kama waimbaji wa dansi wanavyowaita wapigaji wao.

"Sadock! Sadock wa ngoma!"

Ngoma zikaingia.

Nilidhani jirani anatwanga. Shangazi Agness akainua uso akanitazama. Kinu hakipigi vile.

"Nelson, njoo!"

Besi ikaingia. Hiyo sikuisikia kwa masikio. Niliihisi viganjani, kwenye mkeka. Vipande vya mihogo vilikuwa vinatetemeka.

Nikazunguka nyuma ya nyumba. Hapakuwa na mtu. Kuku walikuwa wamejibana ukutani, wote, hata mmoja halii. Na sauti ile sasa ilikuwa inatoka mbele, barazani, nilikotoka.

"Waitara! Saksi! Njoo, mura!"

Nilirudi mbio. Mjomba alikuwa anapuliza macho yamemtoka, mishipa ya shingo imevimba. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Hakuweza kuacha.

Salvatori akalitupa gitaa chini.

Kimya.

Mjomba akaanguka kando ya kiti chake. Tulimwinua, tukamlaza ndani. Shangazi Agness alimshika Salvatori mkono.

"Mlifanya nini ninyi?" akanong'ona. "Niambie. Ni mume wangu."

Ndipo Salvatori akasema. Walipokuwa vijana, bendi nyingine ilikuwa inawanyang'anya watu. Wakaenda kwa mganga. Akafukia dawa chini ya jukwaa lao kule Machochwe, akawaambia wimbo ukishaanza, asitoke mtu ukumbini mpaka uishe. Siku hiyo ukumbi ulijaa. Wakapiga "Rhobi Nisubiri". Hosea akawa anawaita wenzake mmoja mmoja, na kabla hajamaliza akaanguka mbele ya maikrofoni, akafa. Hawakuupiga tena wimbo ule. Haukuisha, na kwa sharti lile hakuna aliyeruhusiwa kutoka bado.

"Basi umalizieni!" shangazi akasema.

"Hauishi mpaka Hosea atuite sote. Ukiisha, mama, sisi tutakuwa wapi?"

Mjomba aliisikia ile kauli kutoka kitandani. "Aliponiita," akasema taratibu, "kuna kitu kifuani kiliitika. Sikuitika mimi."

Tulimpeleka hospitali, hawakuona ugonjwa. Mchungaji akaja, akaomba. Wazee wa ukoo nao wakaja, wakarudi makwao. Wiki hiyohiyo mjomba alifariki, midomo yake imekazwa kama aliyeshika saksafoni. Shangazi alijaribu kuilegeza kwa maji ya moto. Haikulegea.

Tulimzika palepale nyumbani, bila viatu, jioni, mvua imetoka kunyesha. Salvatori alikaa mbali na kaburi. Nilimpelekea uji. Hakuupokea.

"Ghati," akanong'ona, "mimi hajaniita bado."

Asubuhi, shangazi Agness ndiye aliyetangulia kutoka. Sikusikia kilio. Nilisikia anatuita kwa sauti ndogo, sauti ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Udongo kuzunguka kaburi ulikuwa umekanyagwa wote. Nyayo zilizungukana mbilimbili, kama watu waliocheza wameshikana. Visigino vyembamba vya kike. Soli pana za raizoni, viatu ambavyo mara ya mwisho niliviona kwenye picha za harusi ya mama yangu. Langoni hapakuwa na unyayo wa kuingia wala wa kutoka.

Upande wa kichwa cha kaburi, nyayo hazikuzunguka. Hapo watu wanne walikuwa wamesimama mstari mmoja, wamewaelekea wachezaji. Mmoja wao alikuwa pekupeku.

Salvatori alikuja nyuma yangu, akatazama. Kisha akaondoka bila kuaga, hata mfuko wake akauacha.

Kwenye mstari ule, kando ya yule wa pekupeku, palikuwa na nafasi ya mtu wa tano. Hapo hapakukanyagwa. Palikuwa pamefagiwa.