Hodi Kutoka Ghalani

Yaliyompata mdogo wangu nitayaeleza kama nilivyozoea kupanga ushahidi: niliyoyaona nitasema niliyaona, na niliyoyadhania nitayaita dhana. Mimi ni wakili. Kazi hii imenifundisha kwamba shahidi mwenye hofu huweza kuapa kwa moyo safi na bado akakosea.

Tulikuwa wanne. Mama; mdogo wangu wa kike, aliyekuwa muuguzi, na ambaye kwa kuwa alikuwa kitindamimba tulimwita Kitinda hata baada ya kuolewa; mumewe, fundi wa majokofu, mtu asiyemeza tonge bila mzaha; na mimi. Kitinda alikuwa amechoshwa na zamu za wodini, na ndiye aliyechagua pa kupumzikia: nyumba kubwa ya kupanga, katikati ya mashamba ya mizabibu yaliyopanda vilima mstari kwa mstari kama nywele zilizosukwa.

Katika chumba cha kulia palikuwa na mlango mzito wa mbao, wa kushukia ghala la mvinyo lililochimbwa chini ya nyumba. Tulipofika nilishuka kulikagua, maana sina desturi ya kulala juu ya kitu nisichokikagua. Kuta za mawe. Mapipa matupu. Hapakuwa na dirisha wala mlango mwingine. Nikapanda, nikalisukuma komeo kwa mkono wangu. Komeo lilikuwa upande wetu.

Kilichomkera mama ni mtunza nyumba. Mwanamke yule aliingia kila chumba kimyakimya, kama paka.

"Mwenzangu, kwenu hampigi hodi?" mama alimuuliza.

"Nyumba hii hatupigi hodi, mama," alijibu, akiendelea kukunja mashuka. "Wala hatuitikii."

"Basi mtaugua mpaka mfe!" shemeji alidakia. "Hamjasikia? Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Tulicheka. Mtunza nyumba alichukua mashuka yake akatoka.

Hapa niseme jambo moja kuhusu familia yetu. Mama alitulea kwa sheria mbili zisizokatiwa rufaa: anayebisha hodi haachwi bila jibu, na aliyemkaribisha mgeni ndiye humsindikiza. Tukiwa wadogo tulichapwa kwa kuvunja ya kwanza, na tulinyimwa chakula kwa kuvunja ya pili.

Kesho yake mchana tulikuwa mezani. Jua lilijaa chumbani. Shemeji alikuwa anasimulia kisa cha mteja aliyehifadhi viatu kwenye jokofu.

"Hodi."

Sauti haikuwa ya mwanamume wala ya mwanamke. Ilikuwa ya mtu aliyechoka. Ilitoka nyuma ya mlango wa ghala.

Niliinua mkono wasiseme kitu. Nilifikiri: upepo kwenye mapipa, au mfanyakazi aliyefungiwa chini. Nililitazama komeo. Lilikuwa mahali nilipoliacha.

"Hodi jamani."

"Kuna mtu anabisha," mama alinong'ona. "Mnamwachaje?"

"Karibu!" Kitinda aliitika, mdomo bado umejaa chakula. Ni mazoea tu. Hakuwa hata amegeuka.

Mlango haukufunguka. Lakini kiti cha tano, kilichokuwa kimesukumwa chini ya meza, kilivutika nyuma taratibu. Harufu ya zabibu zilizochacha ikatanda. Nililitazama tena komeo. Lilikuwa wazi.

Mtunza nyumba aliingia na jagi la maji. Alikitazama kile kiti. "Nani ameitika?" aliuliza.

"Mimi," Kitinda alisema.

Aliweka jagi sakafuni, si mezani, akatoka. Hatukumwona tena.

Sikungoja hoja zaidi. Nilimwambia shemeji awashe gari, nikabeba mizigo ya mama. Niliporudi chumbani, Kitinda alikuwa bado ameketi. Alikuwa ameweka sahani ya tano mbele ya kile kiti, akaimegea nusu ya chakula chake.

"Inuka, twende."

"Kaka, nitaondokaje nina mgeni?"

Alisema kwa utulivu, kana kwamba mimi ndiye niliyekosa adabu. Kisha akainamisha kichwa, akasikiliza.

"Anaaga," alisema. "Ngoja nimsindikize."

Shemeji alimshika mkono. Safari hii hakuwa na mzaha. Alimshika kwa mikono miwili, mimi nikamshika mabega. Fundi yule hunyanyua majokofu peke yake. Tuliburuzwa wote wawili, kama watoto walioshika upindo wa nguo.

"Mwanangu, mwache aende mwenyewe!" mama alilia.

"Wewe ndiye uliyenifundisha, mama," Kitinda alinong'ona. "Mgeni hasindikizwi kwa macho."

Mlango ulifunguka. Mikono yetu ikabaki mitupu. Mlango ukafungwa.

Tuliufungua papo hapo. Ngazi. Mawe. Mapipa. Kwenye ngazi ya mwisho, ndala zake, ncha zikiwa zimeelekea juu, kwetu.

Nimepima dhana zote. Hewa chafu ya mvinyo: mapipa yalikuwa makavu. Njia ya siri: polisi walibomoa ukuta, wakakuta udongo. Alitoroka: kupitia wapi?

Sasa mama anaishi kwangu, ghorofani. Jikoni kuna stoo ndogo ya mafagio. Tangu juzi, tukiketi kula mchana, tunasikia kutoka humo.

"Hodi."

Ni sauti ya Kitinda. Imechoka. Nimekuwa nikimziba mama mdomo kwa kiganja, na machozi yake yananilowesha vidole. Hanilaumu. Ananiuliza kwa macho tu: je, kama ni yeye? Nisipoitika, huenda namfungia mdogo wangu nje. Nikiitika, sijui namkaribisha nani.

Leo nilishindwa kuvumilia. Sauti ilipoita, niliifungua stoo bila kutamka neno. Mafagio, ndoo, balbu iliyoungua. Hapakuwa na mtu. Nyuma ya mlango, upande wa ndani, nikakuta doa bichi la zambarau, kubwa kama ngumi, kana kwamba mtu alikuwa akigonga. Linanuka zabibu.

Kitinda alinifikia begani. Nilisimama kwa ncha za vidole. Doa bado lilikuwa juu ya kichwa changu.

Niligeuka kumwambia mama. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama nyuma yangu, juu, na alikuwa anatabasamu.

"Karibu, mwanangu," alisema.

Kiti kilivutika.